Ugonjwa wa Kaka

Watu walimwita Misumari, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukipita mbele ya karakana yake ungemkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, mdomo umejaa misumari midogo ya vichwa bapa, mkono wa kulia umeshika nyundo yenye sumaku. Ulimi unausukuma msumari mmoja hadi kwenye midomo, nyundo inaudaka, tak, umezama kwenye mbao, na mwingine unafuata. Mkono wa kushoto hauna nafasi ya kushika misumari, kwa sababu ndio unaovuta kitambaa, na kitambaa kisipovutwa sawasawa kochi hutoka na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kwa hiyo misumari hukaa mdomoni, imebanwa na magego ya kulia, na mpita njia akisalimu hujibiwa kwa nyusi.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, ambaye naye alibana misumari vivyo hivyo. Wateja waliwatania kwamba mama yao aliwaachisha ziwa kwa chuma. Siku hizi kuna bastola za pini, unabonyeza tu na kazi imekwisha, lakini Misumari hakutaka hata kuzisikia. Alisema pini zake hulegea mapema. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia wateja. Sababu yenyewe ni kwamba aliona akiiacha nyundo atakuwa amemwacha kaka, na kaka alikuwa tayari ameshaachwa vya kutosha, amelala makaburini peke yake. Kilichomuua kilikuwa uvimbe ndani ya ubongo, nao ulianza na maumivu ya kichwa. Hilo la kuanza na maumivu ya kichwa Misumari hakulisahau hata siku moja.

Baada ya mazishi, kazi ya watu wawili ikamwangukia mmoja. Alikuwa akiwamba vitambaa, akikata sponji, akifunga springi, na jioni akijaribu kushona foronya za mito kwa mikono ambayo haikuumbwa kwa sindano. Mto mmoja ulimrudia mara tatu. Mteja wa mwisho alimwambia kwamba kama angetaka gunia angekwenda sokoni. Ndipo alipomtafuta mshonaji, akampata mama mmoja mjane, mchapakazi, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, ambaye kabla ya wiki kwisha seremala wa karakana ya jirani alikuwa ameshambatiza jina la Mama Foronya.

Mama Foronya aliweka cherehani yake chini ya dirisha na karakana ikabadilika. Vipande vya kitambaa vilipata kapu lake. Chai ilipata saa yake. Misumari alipata mtu wa kusema naye, ingawa kwa sababu ya misumari mdomoni yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji. Mama Foronya aliongea akikanyaga cherehani, akasimama kukata uzi, akaendelea pale pale alipoishia. Alimsimulia habari za marehemu mumewe, aliyeugua miaka mingi na kumfia mikononi. Alimsimulia jinsi alivyojifunza kumgeuza kitandani bila kumwumiza, jinsi alivyomlisha kwa kijiko, jinsi alivyolala ameketi.

"Mimi kuuguza basi tena, fundi," alisema siku moja, akakata uzi kwa meno. "Nikiolewa tena niombeeni mume wa kufa ghafla. Au asiyekufa kabisa!"

Akacheka mpaka cherehani ikayumba. Misumari naye alicheka puani, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi. Lakini neno lile lilimwingia, likakaa. Yeye alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia kochi liwe na upana wa hatua mbili, litakuwa na hatua mbili. Mzaha aliupima kwa futi ile ile aliyopimia mbao.

Walipokubaliana kuoana hakukuwa na mbwembwe. Alitema misumari kiganjani, akaiweka kwenye kopo, akafuta midomo, akamwuliza kama angependa wafunge mahesabu yao ya maisha pamoja. Mama Foronya akamwambia hiyo ndiyo posa mbaya kuliko zote alizowahi kusikia, kisha akakubali. Wakaafikiana kusubiri hadi wamalize viti vya ukumbi mmoja mkubwa walivyopewa, kazi ya kuwaweka magotini miezi kadhaa. Misumari alirudi kwenye kochi lake akiwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza.

Kilianzia kwenye panja la kulia, kikateremka nyuma ya sikio, kikashuka shingoni hadi begani, kama mtu anayevuta utepe wa kochi kutoka ndani. Asubuhi aliamka uso umechoka, mashavu mazito. Sikio lilijaa kama lililoingia maji, lakini aliyelitazama alisema ni safi. Akapiga miayo, akahofia mdomo hautafunga. Katika zahanati walimpima shinikizo la damu wakalikuta zuri. Wakampa vidonge. Aliyempima macho akampa miwani, na miwani ikamsaidia kuyaona maumivu yake vizuri zaidi. Mwingine akamshauri abadilishe mto. Mwisho daktari mmoja akamwambia aende hospitali kubwa akapigwe picha ya kichwa, waondoe wasiwasi.

Alifika hospitali ile hadi langoni. Akaona benchi. Lilikuwa benchi lile lile alilokalia na kaka siku walipotoka kuchukua picha, kaka ameshika bahasha kubwa ya kahawia, anajifanya anasoma tangazo la ukutani. Baada ya bahasha ile hawakucheka tena ndani ya nyumba. Misumari akageuka akarudi kazini, na kuanzia siku hiyo hakumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Mwanamume huyu alikuwa hodari wa mengi, ila kuuliza kulimshinda.

Mama Foronya hakuwa kipofu. Wakila mchana alimwona anatafuna upande mmoja, mkono umeshikilia shavu. Alisikia pia kitu kingine.

"Hilo taya lako linagonga kama mlango wa kabati," alimwambia. "Unalisikia? Kila ukifumbua mdomo, ko! Nenda kwa daktari wa meno akuangalie."

"Nina kichwa, sina meno," Misumari akajibu kwa ukali.

"Basi pole ya kichwa."

"Sijasema kinauma."

Mama Foronya alimtazama, akasukuma sahani yake pembeni. Alikuwa amewahi kuishi na mgonjwa anayeficha, akazijua dalili zake. Lakini alidhani ana muda. Alidhani wakishaoana atamwuliza vizuri, mlango umefungwa, na atamjibu.

Kisha ikafika siku ya viti vya mstari wa mwisho. Misumari alikuwa amebana mdomo tangu asubuhi, haraka imemshika, na maumivu yamemkaza kuanzia panjani mpaka begani. Alipotaka kuutoa msumari uliofuata, mdomo haukufunguka. Ulifunguka upana wa kidole, ukagoma, ukapinda upande. Alisimama akaenda nyuma ya rundo la sponji, akaichomoa misumari mmoja mmoja kwa kucha, mate yanamtiririka kidevuni. Kwenye kioo cha kabati lililoletwa kutengenezwa aliuona uso wake umekwenda kombo. Mdomo wa kaka nao ulikwenda kombo wiki zile za mwisho.

Hatimaye taya likaachia. Alikaa juu ya sponji akauona mwaka wote unaokuja. Aliona kitanda, kijiko, mgongo wa Mama Foronya umeinama, analala ameketi tena kama zamani. Akaona kwamba hawezi kumfanyia mtu anayempenda jambo kama lile. Akimwambia anaumwa, hatamwacha, atavaa kanga ya uuguzi tena na kucheka kwake kutaishia hapo. Kwa hiyo asimwambie. Amfukuze tu, tena amfukuze kwa namna ambayo hatageuka nyuma. Alijiona anatenda jambo la kishujaa, masikini.

Kesho yake alijaribu kwanza uongo mwepesi. Alisema amefikiri, ndoa haipo.

Mama Foronya hakuinua hata mguu kwenye cherehani. "Umelala vibaya wewe," akasema.

"Nimepata mwingine."

Hapo alicheka waziwazi. "Wewe? Lini? Na hiyo misumari mdomoni ulimwambia nini?"

Seremala wa jirani alikuwa ameingia na fremu mbili begani, akasimama mlangoni anacheka pia. Kicheko chao kilimbana Misumari ukutani. Aliona mpango wake unamponyoka, aliona kijiko na kitanda, na maumivu yalikuwa yanagonga ndani ya sikio. Akashika neno lililokuwa karibu, zito kuliko yote.

"Wewe una kisirani," akasema. "Mumeo wa kwanza umemzika. Tangu ulipokanyaga hapa mimi sijawa mzima. Sitaki kuwa wa pili."

Cherehani ikanyamaza. Seremala akateremsha fremu zake taratibu bila kuambiwa. Mama Foronya alivua kofia ya kidole akaiweka kwenye droo, akachukua mkasi wake, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake kama anavyofanya kila jioni, ingawa ilikuwa bado asubuhi. Hakulia wala hakutukana. Alipopita karibu naye aliuliza kwa sauti ndogo, "Umesema kweli toka moyoni?"

Misumari akaitikia kwa nyusi.

Angepatikana mtu wa kumzaba kofi saa ile, huenda taya lingerudi mahali pake na akili pia. Hakupatikana. Mama Foronya alihamia kwa dada yake, mji wa mbali, safari ya nusu siku kwa basi. Cherehani yake ilifuatwa na mkokoteni. Seremala naye, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mdomo wake haukuwa na komeo, alilitembeza neno mtaa mzima, na wapo waliosema kumbe, ndiyo maana, tulikuwa tunajiuliza.

Misumari akakaa kungoja kufa.

Alingoja kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu. Alimaliza kazi za watu. Alikataa kazi kubwa mpya. Alimwambia shemeji yake, mjane wa kaka, ni wapi angependa azikwe, na shemeji akamwuliza kama amekunywa. Kila asubuhi aliamka uso umechoka, panja linagonga, akajipapasa, akajikuta yupo. Masika yakapita. Kiangazi kikapita, na masika mengine tena. Maumivu hayakuzidi wala hayakupungua, yakaendelea tu kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kifo kilichelewa mpaka ikawa kama aibu.

Kilichompeleka kwa daktari wa meno hatimaye kilikuwa gego. Gego la chini la kulia lilianza kuuma, akaona si haki mtu afe na kichwa na gego kwa pamoja. Akaenda kuling'oa.

Daktari alikuwa dada kijana, mwenye mikono midogo na sauti ya mtu asiye na haraka. Alimlaza kwenye kiti, akawasha taa, akaligonga lile gego kwa kishikio cha kioo, akalipuliza upepo wa baridi, akatazama picha yake.

"Jino hili zima kabisa, baba," akasema. "Siling'oi."

"Linauma."

"Ninaamini linauma. Ila maumivu hayatoki humo." Akaweka vidole viwili mbele ya masikio yake, pale ambapo ukifumbua mdomo unahisi kitu kinatembea. "Fumbua taratibu. Funga. Fumbua tena."

Ko, taya likasema, na lilipofunguka likakwenda upande wa kulia kabla ya kurudi katikati. Daktari akabonyeza shavu, pale kwenye msuli mnene wa kutafunia. Maumivu yakaruka mpaka panjani, yakazunguka sikio, yakashuka shingoni. Misumari akashika mikono ya kiti.

"Ndiyo hayo hayo?" daktari akauliza.

"Ndiyo hayo hayo," akasema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa katika muda wote ule hakuna mtu aliyewahi kuyashika maumivu yake kwa kidole.

Daktari akaketi, akazima taa. Akamweleza kwamba taya limeungana na fuvu hapo mbele ya sikio, na ndani ya kiungo kuna kijisahani laini kinachoteleza taya likifunguka. Chake kilikuwa kimehama kidogo, ndicho kinachogonga. Misuli inayolivuta taya imeenea mpaka kwenye panja, ikichoka huuma huko huko, na shingo hujikaza kuisaidia. Kwa hiyo mtu hulalamikia kichwa, sikio, shingo, hata jino, na kila anayemtibu hutazama pale panapouma.

"Unasaga meno usiku?"

"Ninaishi peke yangu. Sijui."

"Mashavu yanaamka yamechoka?"

"Kila siku."

"Kazi yako ni ipi, baba?"

Akamwambia. Akamwonyesha jinsi anavyobana. Daktari akasema kwa upole kwamba hajawahi kumwona mtu aliyelitumikisha taya lake kama koleo kwa maisha yake yote. Aiache misumari nje ya mdomo. Ale vyakula laini kwa muda. Akande kwa kitambaa cha uvuguvugu. Midomo ikifungwa, meno yasigusane. Atamtengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa akilala.

Misumari alisikiliza yote, kisha akasema, "Daktari, mimi nina uvimbe kichwani."

"Nani alikwambia?"

"Ni ugonjwa wa kaka yangu. Ulianza hivi hivi."

Daktari hakumcheka. Aliuliza kama kaka alikuwa akitapika asubuhi. Ndiyo. Kama alianguka kifafa. Ndiyo. Kama macho yalififia, kama mkono ulikufa ganzi. Ndiyo, yote.

"Na wewe?"

"Bado."

"Kaka aliumwa muda gani kabla hajafariki?"

"Miezi michache."

"Na wewe unaumwa tangu lini?"

Misumari akafungua mdomo kujibu, akaona jibu lenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara mbili kabla ya kukata, na hili moja hakuwahi kulipima.

"Sikuambii kwamba huna," daktari akasema. "Mimi ni wa meno. Nitakuandikia uende ukapigwe ile picha, upate kulala. Lakini ninavyoona, hili ni taya."

Alikwenda, safari hii akapita lango. Majibu yalikuwa safi, kichwa hakina kitu. Mtu aliyemsomea alimpa mkono wa pongezi, akampa bahasha ya kahawia, akaita jina la mwingine. Misumari alitoka ukumbini akalikalia lile benchi, akalia. Hakulia machozi ya furaha. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, kama mtu aliyefiwa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akingoja zamu yake alisogea akamshika bega, akamwambia, "Jikaze, mwanangu. Madaktari nao si Mungu. Wengine hupona." Misumari alitaka kumwambia kwamba yeye ni mzima, kwamba alikuwa mzima siku zote, siku ile ya viti vya mwisho alikuwa mzima, na kwamba hilo ndilo linalomliza. Hakuweza. Akasema, "Ahsante, mama."

Hakungoja taya lipone sawasawa. Alingoja tu mpaka aweze kusema bila kushika shavu, akapanda basi.

Nyumba ya dada yake Mama Foronya ilikuwa na ua mdogo wenye lango la mabati. Alimkuta kibarazani, ameinamia cherehani ile ile, anashona sare za shule. Alikuwa amekonda. Dada mtu alipomtambua mgeni aliinuka akaingia ndani bila salamu, lakini Mama Foronya alimletea kiti, akamtengea chai, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumkalisha mgeni mkavu.

Misumari alieleza yote. Hakujipamba. Alimweleza kuhusu kaka, kuhusu benchi, kuhusu mdomo uliogoma, kuhusu kijiko na kitanda. Alisema kwamba neno lile alilitunga pale pale, kwamba lilikuwa uongo mtupu, kwamba alitaka tu asije akamwuguza. Akatoa bahasha akaiweka mezani.

"Ulitaka nisiuguze," Mama Foronya akasema.

"Ulisema mwenyewe. Niombeeni mume wa kufa ghafla."

Alimtazama kwa mshangao, kisha akakumbuka, na uso ukamlegea.

"Ule ulikuwa mzaha, fundi. Mimi na wewe tulicheka." Akaipapasa bahasha bila kuifungua. "Ningekuuguza. Hata miaka ishirini ningekuuguza. Kwani niliapa?"

Misumari alishindwa kumtazama. Akaiona mikono yake tu, iliyozoea kukata uzi, imetulia juu ya meza.

"Rudi nyumbani," akasema. "Nisamehe, urudi."

"Kukusamehe nilikusamehe zamani. Nilijua una lako. Mwaka huu kuna mwalimu mmoja hapa alinitaka. Amefiwa na mkewe, mtu mzuri, ana watoto wawili. Nikamkataa. Nilikuwa nawatazama wale watoto wanavyomkimbilia jioni, nikasema, huyu nikimwua watakwenda wapi?"

"Lakini nimekwambia ni uongo!"

"Umeniambia."

"Basi!"

"Hebu nisikilize," Mama Foronya akasema, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Niliyekaa naye amekufa. Wewe ulikuwa mzima, nikaja kwako, ukaanza kuumwa. Mwenyewe ulisema, tangu nilipokanyaga pale. Ukanifukuza. Leo unaniletea karatasi kwamba umepona. Nami nifikirie nini?"

Misumari akafumbua mdomo. Alikuwa na jibu, alilijua vizuri, alilifundishwa kwa kidole: ni kiungo, ni kijisahani, ni misumari, ni huzuni ya kaka aliyokuwa akiisaga usingizini. Akayasema yote, moja baada ya jingine, kama daktari alivyoyasema. Mama Foronya alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa adabu kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali, na macho yake hayakubadilika. Maneno ya daktari yaliishia kwenye taya la Misumari. Kule lilikokaa neno lile la kisirani hayakufika.

"Ukirudi nami," akasema Mama Foronya, "siku utakayokohoa tu, sitalala. Nitakaa kitandani nakuhesabia pumzi. Hayo nimeshayafanya. Lakini wakati ule sikuwa nadhani ni mimi."

Akasogeza kikombe karibu naye. Akauchukua mkate, akaumega vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye chai ya mgeni vilainike, bila kuulizwa, haraka, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Alipogundua anachofanya aliufuta mkono kwenye nguo.

"Kunywa," akasema. "Basi la kurudi halikai."

Misumari akanywa yote, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa bado anaweza kumtii. Alipoinuka alimwachia bahasha. Alipofika langoni akaitwa, akageuka upesi. Mama Foronya alikuwa amesimama kibarazani, amemnyooshea bahasha ile.

"Ichukue, fundi," akasema. "Usiache kitu chako chochote kwangu."

Akarudi akaichukua. Nyuma yake cherehani ilianza tena, nayo aliisikia mpaka alipokata kona.